Fedha ya Tilawa na wafu wake: nani ana haki juu ya mali iliyozama vitani?

Mwezi Mei 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu kuhusu mikuo 2,364, yaani vipande vya kuyeyushwa, ya madini ya fedha iliyoopolewa kutoka sakafu ya Bahari ya Hindi. Mikuo hiyo ilikuwa ndani ya Tilawa, meli ya abiria na mizigo iliyozamishwa na nyambizi ya Japani tarehe 23 Novemba 1942 ikiwa njiani kutoka Bombay kuja Mombasa. Kila habari ya namna hii inapotufikia huku Kampala, iwe kwa gazeti au kwa video ya roboti inayonyanyua vito na sarafu kutoka gizani, mabishano huwa yaleyale. Mmoja atasema aliyeipata mali ndiye mwenyewe, kwa kuwa ametumia mamilioni yake kuitafuta. Mwingine atasema ni mali ya nchi iliyo jirani na mahali pale. Wa tatu atakemea kwamba kuigusa meli yenye maiti ni sawa na kufukua kaburi. Mabishano haya hayaishi kwa sababu wanaobishana huwa wanazungumzia vitu tofauti huku wakidhani wanazungumzia kitu kimoja.

Uganda haina pwani, na huenda msomaji akajiuliza mambo ya bahari kuu yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana. Mombasa ndiyo lango letu tangu reli ilipojengwa. Vitambaa, vipuri, barua na watu waliofika Jinja, Kampala na Mbale walipitia pale. Tilawa ilikuwa na abiria 732, wengi wao Wahindi waliokuwa wakija Afrika Mashariki au kuendelea kusini hadi Durban, baadhi yao wakiwa na watoto. Mabaharia na abiria waliokufa walikuwa 280. Miezi kumi na tano baadaye, kama nitakavyoeleza, bahari hiyohiyo ilimeza mamia ya askari wa Afrika Mashariki katika muda usiofika dakika mbili. Kwa hiyo tunapouliza ni nani mwenye haki juu ya kilichozama, tunauliza pia juu ya watu wa kwetu.

Tuanze na maneno yenyewe. Kuopoa ni kutoa kitu majini. Katika sheria za bahari, mwopoaji ni mtu au kampuni inayookoa meli au shehena iliyo hatarini, hata kama hakuna aliyempa kazi hiyo, na akifanikiwa hustahili ujira. Ujira huo hupimwa kwa thamani ya kilichookolewa, ugumu wa kazi na hatari aliyoikabili. Asipookoa kitu, halipwi kitu. Kanuni hii ni ya karne nyingi, na leo imeandikwa katika Mkataba wa Kimataifa wa Uopoaji wa mwaka 1989. Ilitungwa ili nahodha anayeona meli ya mwenzake ikizama asipite tu kwa kuhofia hasara. Kinga ya dola, ambayo ndiyo iliyoamua kesi ya Tilawa, ni kanuni kwamba serikali ya nchi moja haishtakiwi mbele ya mahakama ya nchi nyingine bila ridhaa yake, isipokuwa katika mambo fulani, hasa ya biashara. Kaburi la vita ni jina tunalolipa mahali walipolala waliokufa vitani. Jina hilo lina uzito mkubwa wa heshima, lakini uzito wake wa kisheria hutegemea meli ilikuwa ya nani, imelala wapi, na anayeisogelea ni raia wa nchi gani.

Mfano mmoja utasaidia. Chukua lori lililovuka Malaba likiwa na shehena ya kuja Kampala, likapinduka usiku kwenye msitu wa Busitema, dereva na utingo wake wakafia ndani. Mwenye lori ni mtu mmoja, wenye shehena ni wengine, na huenda kampuni ya bima imekwisha kuwalipa na hivyo haki juu ya mizigo imehamia kwake. Anakuja mtu mwenye kreni, ambaye hakuitwa na yeyote, anainua makontena na kuyahifadhi. Kazi yake ina thamani, na ni haki alipwe; lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba kwa kuyainua ameyamiliki. Wanakuja pia watu wenye magunia, wanabeba wanachoweza na kutokomea. Hao hawana jina jingine ila wezi, hata kama lori limelala pale siku tatu bila mlinzi. Na kabla ya kreni na kabla ya magunia, kuna jambo ambalo kila mmoja wetu analijua bila kufundishwa, kwamba watu wawili wamo ndani ya kibanda cha lori, wana jamaa zao, na hakuna haki ya kuanza kuhesabu makontena kabla ya kuulizana juu yao.

Meli iliyozama vitani ina tabaka hizohizo. Lipo gamba la meli lenyewe, ipo shehena, vipo vitu vya watu binafsi kama pete, masanduku na barua, na wapo wafu. Kila tabaka lina mwenyewe, na haki juu ya moja haimpi mtu haki juu ya jingine. Kuzama hakufuti umiliki. Manowari ya Uingereza iliyozama mwaka 1941 bado ni mali ya Uingereza, na shehena iliyonunuliwa na serikali bado ni ya serikali hiyo, hata ikikaa chini ya maji miaka themanini. Nayo nchi jirani haipati umiliki kwa ujirani tu. Mamlaka yake kamili huishia maili 12 za baharini kutoka pwani, na hata ndani ya eneo hilo anayeweza kutoa au kunyima ruhusa ya kuzamia si lazima awe ndiye mwenye meli.

Sasa turudi kwa Tilawa. Mwaka 2017 kampuni ya Uingereza iitwayo Argentum Exploration iliopoa fedha ile kutoka kina cha kilomita mbili na nusu hivi, ikaisafirisha hadi bandari ya Southampton, na ikatoa taarifa kwa ofisi ya serikali ya Uingereza inayosimamia mali iliyookolewa baharini. Afrika Kusini ikajitokeza. Ilikuwa imeinunua fedha hiyo mwaka 1942, hasa kwa ajili ya kutengeneza sarafu. Mabishano mahakamani hayakuwa juu ya umiliki, kwa maana kampuni haikudai kwamba fedha ni yake. Ilidai ujira wa uopoaji. Afrika Kusini ilijibu kwamba ina kinga ya dola na haiwezi kuburuzwa kortini. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa ziliona kwamba kinga hiyo haifai hapa, kwa sababu fedha ilikuwa shehena ya kulipiwa nauli ndani ya meli ya biashara. Mahakama ya Juu ikageuza uamuzi huo. Ilisema shehena iliyokaa tu ndani ya ngama, yaani chumba cha mizigo cha meli, ikisubiri kufika haiwi inatumika kibiashara kwa sababu ya kubebwa, na kwa hiyo kinga inabaki. Kabla hukumu haijasomwa pande mbili zilikuwa zimepatana kwa siri, lakini mahakama iliona suala ni zito mno kuachwa bila jibu.

Watu wengi walioisoma habari hii walihitimisha kwamba sheria imekataza kuopoa mali za vita. Haikufanya hivyo. Ilichosema ni chembamba zaidi, kwamba anayeopoa mali ya serikali bila kupatana nayo kwanza anaweza kukuta hana mahakama ya kumlipisha. Kwa maoni yangu hilo ni jambo jema, kwa kuwa linamlazimisha mwopoaji abishe hodi kabla ya kuingia. Lakini angalia ni nani aliyezungumza katika kesi hiyo kwa miaka yote ile. Ilizungumza kampuni, ikazungumza serikali, na majaji wakapima neno kwa neno maana ya mkuo wa fedha kuwa katika matumizi. Wafu 280 hawakuwa upande wowote wa kesi. Siwalaumu majaji, ambao walijibu swali waliloulizwa, na swali lilihusu madini. Ninasema tu kwamba sheria tuliyo nayo ilitungwa kwa ajili ya mali, na anayeitegemea peke yake atatoka na jibu juu ya mali tu.

Zipo nyakati ambapo hodi hubishwa. SS Gairsoppa ilizamishwa na nyambizi ya Ujerumani mwezi Februari 1941 magharibi mwa Ireland ikitoka India, na kati ya watu zaidi ya 80 waliokuwamo, wengi wao mabaharia wa Kihindi, ni mmoja tu aliyepona, Richard Ayres. Serikali ya Uingereza iliwalipa wenye shehena yake ya madini ya fedha kupitia bima yake ya vita, na hivyo haki ikahamia kwake. Miaka sabini baadaye iliingia mkataba na kampuni ya Marekani, Odyssey Marine Exploration, kwamba kampuni ibebe gharama na hatari zote, na ikifanikiwa ibaki na asilimia 80 ya thamani baada ya kuondoa gharama. Mwaka 2012 na 2013 zilitolewa zaidi ya tani 100 za fedha kutoka kina cha karibu mita 4,700. Pamoja na fedha zilitoka barua zaidi ya 700, zilizohifadhika kwa kuwa zilikuwa zimebanwa chini ya mizigo na tope mahali pasipofika mwanga. Ziliandikwa na watu wa kawaida waliokuwa India wakiwatumia jamaa zao Uingereza na kwingineko: habari za mahari, za ugonjwa, za kuchoshwa na vita. Wataalamu walizifunua karatasi moja baada ya nyingine, na mwaka 2018 zikaonyeshwa London. Kwangu mimi barua hizo ni hoja nzito kuliko fedha yote ile. Zinaonyesha kwamba uopoaji unaweza kuwarudishia watu kitu ambacho hakina bei, na zinaonyesha pia kwamba ndani ya meli kuna sauti ambazo si za serikali wala za kampuni.

Mfano ninaourudia kila ninapozungumza na vijana juu ya jambo hili ni wa manowari Edinburgh. Ilizama mwezi Mei 1942 katika Bahari ya Barents, kaskazini kabisa, ikiwa imebeba mikuo 465 ya dhahabu, kama tani nne na nusu, malipo ya Umoja wa Kisovieti kwa vifaa vya vita. Zaidi ya watu 50 walikufa nayo. Uingereza iliihesabu kuwa kaburi la vita, na kwa miaka mingi ilikataa mapendekezo ya kulipua gamba kwa baruti. Mwaka 1981 ilikubali mpango wa Keith Jessop, mzamiaji wa Yorkshire, kwa sababu alipendekeza kukata tundu ubavuni na kuingia pole pole hadi kwenye chumba cha dhahabu. Meli ilikuwa mita 245 chini. Wazamiaji waliishi siku nyingi ndani ya chumba cha chuma chenye shinikizo sawa na la kina kile, wakishushwa kufanya kazi kwa zamu kwenye giza, mafuta na mabaki ya risasi, na kurudishwa chumbani bila kutoka nje. Walitoa mikuo 431, na mwaka 1986 ikatolewa mingine 29. Mitano imebaki huko. Waopoaji walipata asilimia 45, na kilichobaki kiligawanywa kati ya Wasovieti na Waingereza. Hata kwa uangalifu huo wapo walioona kazi ile haikustahili kufanywa, na siwezi kuwadharau. Lakini ukilinganisha na yanayotendeka leo katika bahari za Asia ya Kusini Mashariki, Edinburgh ni kielelezo cha adabu.

Huko Asia ndiko ninakoombea msomaji atazame kwa makini, kwa sababu tunapozungumza juu ya hazina mawazo yetu hukimbilia dhahabu, na kumbe madhara makubwa yanafanywa kwa ajili ya vyuma chakavu. Mwaka 2016 wazamiaji waliokuwa wakiandaa kumbukumbu ya miaka 75 ya vita vya Bahari ya Java walikwenda kutazama manowari tatu za Uholanzi zilizozama humo mwezi Februari 1942. De Ruyter na Java hazikuwapo. Kortenaer ilikuwa imebaki kipande. Vyombo vya kupimia kwa sauti vilionyesha mashimo kwenye mchanga yenye umbo la meli, na ndani yake hamna meli. Karibu watu 900 walikuwa wamelala katika manowari hizo tatu. Makreni yenye makucha yalikuwa yamezirarua na kuzibeba kipande kwa kipande, ili kuuza chuma, shaba na propela za shaba nyeusi. Mwaka 2023 Malaysia iliikamata meli ya Kichina, Chuan Hong 68, ikiwa na vyuma vya kale na makombora, baada ya meli hiyo kushukiwa kuzichokonoa Prince of Wales na Repulse, manowari za Uingereza zilizozama Desemba 1941 pamoja na watu 840.

Inasemwa mara nyingi kwamba chuma hicho kina thamani ya ajabu kwa sababu kilifuliwa kabla ya mabomu ya nyuklia, na hivyo hakina mionzi inayovuruga vyombo nyeti vya kupimia. Ni kweli kwamba chuma cha namna hiyo kilitafutwa zamani. Lakini majaribio ya nyuklia hewani yalipopungua baada ya mwaka 1963 mionzi hiyo ilishuka, na kwa kazi nyingi chuma cha leo kinatosha. Kinachowasukuma waporaji ni bei ya kawaida ya chakavu ikizidishwa mara maelfu ya tani. Si siri ya kisayansi, ni biashara ileile ya chakavu tunayoiona ikivunja mifuniko ya mitaro mjini, isipokuwa hapa kilo zake zina mifupa ndani.

Si kila meli ya vita ni kaburi, na ni vema kulisema hilo ili tusiwe watu wa kukataza kila kitu. Katika Ziwa Tanganyika Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen mwezi Julai 1916 ili isitekwe, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake grisi nzito kwa matumaini ya kuifufua. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na kuanzia mwaka 1927 ikasafirisha watu na mizigo kwa jina la Liemba, vizazi na vizazi. Mizinga ya Königsberg, manowari ya Ujerumani iliyoangamia katika delta ya Rufiji mwaka 1915, ilitolewa na Wajerumani wenyewe wakaenda kupigana nayo nchi kavu, na mmoja wake unaonekana leo Fort Jesus. Pale ambapo watu walitoka salama kabla chombo hakijazama, au ambapo chuma kimetolewa bila kupita juu ya mtu, swali la maadili ni jepesi na linabaki kuwa la umiliki.

Kuna wakati hata kaburi hulazimika kuguswa. Manowari ya Uingereza Royal Oak ilizamishwa Scotland mwezi Oktoba 1939 pamoja na watu zaidi ya 830, na ni marufuku kuizamia bila ruhusa. Hata hivyo mafuta yake yalikuwa yakivuja na kuchafua ghuba, na jeshi la majini la Uingereza likaamua kutoboa matangi na kuyanyonya, likifanya kazi hiyo kwa hatua ndogo ndogo na bila kuingia walikolala watu. Kila mwaka wazamiaji wa jeshi hushuka kubadilisha bendera iliyo kwenye meli hiyo. Anayesema tusiguse chochote kamwe inabidi awajibu wavuvi wanaoishi kando ya meli zinazooza zikiwa na mafuta na mabomu.

Nimesema tutafika kwa askari wetu. Mapema mwezi Februari 1944 msafara wa meli tano za askari uliondoka Kilindini kuelekea Colombo, ukilindwa na manowari. Mojawapo ya hizo tano ilikuwa Khedive Ismail, yenye watu 1,511, na kati yao 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wakipelekwa upande wa Burma, ambako mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw. Alasiri ya tarehe 12 Februari, kusini magharibi mwa Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga meli hiyo kwa torpido mbili. Ilizama chini ya dakika mbili. Manowari Petard, katika kuitafuta nyambizi iliyojificha chini ya watu waliokuwa wakielea, ilidondosha mabomu ya kina, yanayolipukia chini ya maji, mahali palepale walipokuwa wakiogelea. Waliokufa walikuwa 1,297. Ni miongoni mwa maafa makubwa kabisa ya baharini kwa upande wa washirika katika vita vile, na bado shuleni kwetu halitajwi.

Majina ya askari hao yako kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki uliopo katika makaburi ya vita ya Nairobi. Hilo ni zaidi ya walilopata wengi waliowatangulia. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba kati ya waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hapa ndipo maadili ya uopoaji yanapotugusa kwa karibu. Kanuni nzuri zote zinasema wafiwa waulizwe. Lakini watakaoulizwa ni akina nani, ikiwa majina hayakuandikwa, au yaliandikwa kwa tahajia ya karani asiyejua lugha ya mwenye jina, bila kijiji wala jina la baba? Familia ya Liverpool au ya Amsterdam hupigiwa simu. Familia ya Kitgum au ya Kumi haijui hata kwamba kuna jambo la kuulizwa.

Nimewahi kuambiwa kwamba katika kina kirefu mifupa huyeyuka, na kwa hiyo baada ya miaka themanini hakuna kaburi la kuheshimu. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni sahihi. Maji ya kina kirefu hula chokaa ya mifupa, na mara nyingi kinachobaki ni viatu. Sehemu ya pili haifuati. Katika jamii kadhaa za ukanda wetu, mtu akifia mbali na mwili usipopatikana, ukoo huchukua kipande cha mgomba, hukivika sanda na kukizika penye boma, watu wakalia na matanga yakafanyika kikamilifu. Hakuna anayedhani kwamba kaburi hilo ni la uongo kwa kuwa halina mifupa. Heshima tunayoidai kwa ajili ya Tilawa na Khedive Ismail ni ya aina hiyo. Haipimwi kwa gramu za mabaki.

Dhana nyingine inayopotosha ni ya miaka mia. UNESCO ilipitisha mwaka 2001 Mkataba wa Kulinda Urithi wa Kitamaduni Uliopo Chini ya Maji, ulioanza kutumika mwaka 2009. Mkataba huo unataka urithi uachwe mahali ulipo kama chaguo la kwanza, na unakataza kuuchuma kibiashara. Lakini unahusu vitu vilivyokaa chini ya maji kwa angalau miaka 100. Meli za Vita vya Kwanza vya Dunia zimekwisha kufika umri huo. Za Vita vya Pili zitaanza kuufikia mwaka 2039. Kwa hiyo si kweli kwamba meli ikizeeka inakuwa ya yeyote. Kinyume chake, ikizeeka ndipo ulinzi huu unapoanza. Tatizo ni kwamba unazifunga nchi zilizouridhia tu, na Uingereza na Marekani, zenye meli nyingi na kampuni nyingi, hazijauridhia. Zina sheria zao: Uingereza ya mwaka 1986 kuhusu mabaki ya kijeshi, Marekani ya mwaka 2004 kuhusu vyombo vya kijeshi vilivyozama. Sheria hizo ni kali, ila nje ya maji yake Uingereza inaweza kuwabana raia wake na meli zake tu. Mporaji wa taifa jingine haimfikii.

Msimamo wangu, kwa kuwa msomaji ana haki ya kuujua, ni huu. Kuopoa mali ya vita si dhambi kwa yenyewe, mradi mwenye mali ameafiki kabla, njia inayotumika haipiti juu ya walikolala watu, vitu vya watu binafsi havipigwi mnada, na jamaa za waliokufa wametafutwa na kusikilizwa kabla ya meli ya kazi kung'oa nanga. Sharti hilo la mwisho ndilo linalorukwa daima, kwa kisingizio cha gharama. Kampuni inayoweza kutafuta mikuo katika kilomita mbili za maji meusi inaweza kutafuta ukoo Bugiri. Na pale meli ilipobeba watu zaidi ya mali, kama Khedive Ismail, sioni sababu yoyote ya kushusha makucha ya chuma, iwe kwa kibali au bila kibali.

Anayedhani kwamba sauti ya wafiwa haiwezi kubadilisha sheria aitazame kesi ya SS Storaa. Hii ilikuwa meli ya mizigo iliyozamishwa katika msafara kusini mwa Uingereza mwezi Novemba 1943. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilishikilia kwamba sheria ya mwaka 1986 inalinda meli za kijeshi, na hii ilikuwa ya biashara. Mabinti wa baharia mmoja aliyekufa ndani yake walikataa jibu hilo, wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ikawaunga mkono: meli ya biashara iliyosafiri katika msafara wa kijeshi inaweza kuhesabiwa kuwa katika utumishi wa kijeshi, na hivyo inaweza kulindwa. Khedive Ismail ilikuwa katika msafara na ilibeba askari. Kwa hoja hiyohiyo serikali za Uganda, Kenya na Tanzania, kwa pamoja kupitia Jumuiya ya Afrika Mashariki, zinaweza kuiomba Uingereza iitaje kwa jina katika orodha ya meli zinazolindwa, na zinaweza kuanza sasa kukusanya majina na vijiji vya askari wale wakati bado wapo wajukuu wanaokumbuka babu yao alichukuliwa kutoka kijiji gani. Miaka mia ya meli hiyo chini ya maji itatimia tarehe 12 Februari 2044. Kati ya leo na siku hiyo mkataba wa mwaka 2001 hauigusi, na ombi la serikali zetu ndilo linaloweza kuanza kuilinda.